Kuomba corgi (mbwa wa miguu mifupi) aliyeokolewa awe mbwa wako wa pili

Fomu za mashirika ya Marekani yanayookoa mbwa na kuwatafutia makao humchunguza sana mbwa uliye naye: chanjo, kuhasiwa, simu ya daktari wake wa mifugo. Mpigie daktari kwanza, umruhusu kutoa taarifa. Maombi hukwama hapo bure kabisa.

Kisha hukaguliwa uzio. Corgi ana sentimita 25 hadi 30 tu begani, kwa hiyo tazama chini: mwanya wa lango, udongo uliomomonyoka.

Wakutanishe mbwa hao nje ya nyumba, mahali pageni kwa wote wawili, watembee sambamba, kamba zikiwa zimelegea. Corgi aking'ata-ng'ata visigino vya mwenzake, usimchape. Asili yake ni kuchunga ng'ombe. Mwite, watenganishe kidogo. Mabakuli ya chakula yakae vyumba tofauti.