Leseni ya udalali wa nyumba Marekani: mahali watu wanapokwama

Marekani haina leseni moja ya udalali wa nyumba. Kila jimbo lina tume yake, sheria zake na mtihani wake, kwa hiyo masharti yasome kwenye tovuti ya tume ya jimbo utakalofanyia kazi, si kwa wauza kozi. Saa za darasa pekee zinapishana mno: Florida inadai 63, New York 77, California 135, Texas 180.

Wengi humaliza darasa ndipo wakumbuke alama za vidole, ambazo tume hutumia kuchunguza rekodi ya jinai. Hapo wanaanza kungoja upya. Jimbo likiruhusu, peleka maombi na alama za vidole ukiwa bado unasoma. Ukiwa na kesi ya zamani, itaje na uambatishe nakala za mahakama. Kosa la miaka mingi nyuma linaweza kusameheka; kulificha ni udanganyifu, nao unatosha kukunyima leseni. Wenye majina matatu wajihadhari zaidi: cheti cha kozi, fomu ya maombi na kitambulisho vifanane herufi kwa herufi, la sivyo unaweza kurudishwa mlangoni siku ya mtihani.

Majimbo mengi hugawa mtihani sehemu mbili, kanuni za jumla na sheria za jimbo. California na New York hupitisha kwa asilimia 70, Florida 75. Sheria za jimbo ndizo huangusha watu waliosoma vitabu vya jumla tu. Tilia mkazo uwakilishi (nani mteja wako, na unawiwa nini na upande wa pili) na fedha za amana (pesa za wateja unazozishika). Arubuni ya mnunuzi ikiingia kwenye akaunti yako binafsi ni kosa, hata kama hujagusa senti. Soma pia sheria ya 1968 inayokataza ubaguzi wa makazi: mteja akiuliza mtaa fulani una watu wa rangi gani, usimjibu, wala usimwelekeze kwingine kwa sababu hiyo.

Hesabu si ngumu, ila ina mitego. Muuzaji anataka abakiwe na dola 380,000 baada ya kamisheni ya asilimia 5. Auze kwa bei gani? Anayeongeza asilimia 5 hupata 399,000, na amekosea: toa kamisheni ya 19,950, muuzaji anabaki na 379,050. Kamisheni hukatwa kwenye bei ya kuuzia, kwa hiyo gawanya 380,000 kwa 0.95 upate 400,000. Swali la namna hii litakujia pia mezani kwa mteja, na huko kosa ni la pesa za mtu. Kariri vilevile kwamba ekari moja ni futi za mraba 43,560.

Ukifaulu, bado huruhusiwi kuuza. Leseni ya wakala mpya hulala mpaka dalali mkuu (broker, anayesimamia mawakala) mwenye leseni aisajili chini yake. Mtafute kabla ya mtihani, umuulize mgawanyo wa kamisheni, ada za kila mwezi, nani analipa bima ya makosa ya kazini, na nani atapitia mikataba yako ya mwanzo kabla haijasainiwa. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Ofisi inayokuachia asilimia 90 lakini haina wa kukusomea mkataba si ya mtu anayeanza. Afadhali 60 na mwalimu.

Halafu kuna mtego wa kuhuisha leseni kwa mara ya kwanza, ambao una masharti yake peke yake. Texas inataka saa 98 za masomo ndani ya miaka miwili ya mwanzo. Florida inataka 45, na wakala asiyezimaliza kwa wakati leseni yake inabatilika kabisa: anarudi darasani kwa zile 63, kisha mtihani tena.