Siku ya kuhesabu siku za mtu mwingine

Wengi wanadhani kuomba kuongezewa muda wa kukata rufaa ni kumlilia jaji. Kazi yenyewe ni kalenda, kalamu nyekundu na ubishi wa tarehe.

Saa 3 asubuhi niko Mahakama Kuu ya Tanzania kwa shauri la kutajwa. Linaahirishwa, narudi ofisini.

Saa 4 anaingia mzee na bahasha ya kaki. Ameshindwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Rufaa ya kwenda Mahakama Kuu ni siku 45, na zimepita. "Wakili, nilikuwa naumwa, jaji ataelewa tu." Jaji haelewi hivihivi, mzee wangu. Katika shauri la Lyamuya, maombi namba 2 ya 2010, Mahakama ya Rufani ilitaka mwombaji aeleze muda wote aliochelewa, tena aonyeshe kwamba hakuzembea. Kabla yake, shauri la Bushiri Hassan lilikwisha sema hata siku moja lazima itolewe maelezo.

Basi tunahesabu. Hukumu 4 Machi, barua ya kuomba nakala siku hiyohiyo, ina muhuri. Nakala kapewa 10 Aprili. Siku za kusubiri nakala zinatolewa kwenye hesabu, mradi tarehe zote mbili zionekane kwenye karatasi. Mwisho wake ukawa 25 Mei. Leo 16 Juni: pengo la siku 22.

Alilazwa 12 Mei hadi 2 Juni, hati ya kuruhusiwa ipo. Mapumziko ya siku saba, barua ya daktari ipo. Tumefika 9 Juni. Halafu?

"Halafu mpwa wangu alipeleka karatasi kwa wakili mwingine." Lini? "Kama tarehe kumi hivi." Hiyo "hivi" ndiyo inayoua maombi. Tena mzee hawezi kuapa kwa alichofanya mpwa. Hayo ni maneno ya kusikia. Mpwa aape mwenyewe. Mpwa yuko Kariakoo, anauza viatu, anasema anakuja. Anapigiwa, anasema yuko njiani. Anapigiwa tena, yuko njia ileile.

Mchana unakwenda hivyo. Nachapa kiapo cha mzee, yaani maelezo yake ya maandishi ya kuunga mkono maombi: matukio matupu, aya kwa aya. Hoja za kisheria na maombi ndani ya kiapo hufutwa, na kiapo kikibaki na mashimo hakisimami. Uthibitisho wa mwishoni useme aya zipi anazijua mwenyewe na zipi kaambiwa, na nani. Mimi ninayemwakilisha siwezi kumwapisha, kwa hiyo tunapanda ghorofa ya juu kwa wakili mwingine. Mahali pa kuapia, tarehe na jinsi wakili huyo alivyomtambua muapaji vijazwe kwa ukamilifu. Nimeona maombi mazuri yakitupwa kwa tarehe iliyosahaulika.

Mpwa anafika jua limeshalegea. Ujumbe wa malipo kwenye simu yake unasema 12 Juni. Karatasi alirudishiwa 15. Kwa hiyo 10 na 11 ni tupu. Mzee anataka tuandike alikuwa bado anaumwa. Hatuandiki.

Narudi kwenye mwenendo wa shauri, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa barazani, macho yanauma. Hauonyeshi popote maoni ya wazee wa baraza, wale wanaokaa na mwenyekiti, kusomwa mbele ya wadaawa. Hapo napata pumzi: tangu shauri la Valambhia la 1992, uharamu ndani ya uamuzi, yaani sheria kukiukwa, ni sababu inayojitegemea ya kuongezewa muda. Lakini Lyamuya imeweka sharti, uharamu uonekane wazi kwenye kumbukumbu, usiwe wa kuchimbwa kwa hoja ndefu. Naongeza aya moja, namba ya ukurasa, basi. Kiapo kimebadilika, kwa hiyo tunapanda tena ghorofani kuapa upya.

Lazima maombi yaingie mahakamani leo, maana siku za ofisini kwangu nazo zinahesabiwa. Tunapakia kwa mtandao: unazunguka, faili linakataa, napunguza ukubwa, linapita. Namba ya malipo inatoka, tunalipa papo hapo. Sitaki mtu aje abishe kama shauri limefunguliwa siku ya kupakia au siku ya kulipa.

Mjibu maombi, yule aliyemshinda mzee barazani, ataleta kiapo kinzani. Najua aya ipi ataianza: tarehe 10 na 11.