Kolamu ya tarehe, na hii +3 yetu inayotudanganya

Ukiishi Nairobi unaweza kufanya kazi ya programu miaka mingi bila kujua kama unaweka saa vibaya kwenye databesi, na sababu ni moja tu, saa yetu haisongi. Wenzetu wa London wanasogeza saa mara mbili kwa mwaka, mwisho wa Machi na mwisho wa Oktoba, kwa hivyo kosa likiwepo linajitokeza lenyewe kabla mwaka haujaisha. Sisi ni UTC+3 (saa tatu mbele ya UTC, saa ya marejeo ya dunia nzima) Januari mpaka Disemba, na Kampala, Dar, Addis na Mogadishu ni hivyo hivyo (kwenye ile orodha ya zoni za saa ambayo kompyuta nyingi hutumia, hiyo miji yote ni jina lingine tu la Africa/Nairobi, hapo tumewabeba majirani). Basi mtu anachagua aina ya kolamu kwa kubahatisha, inafanya kazi, anaenda zake. Halafu siku moja seva inahamishwa Ireland ama klaienti anafungua tawi Juba, na hapo ndio watu huanza kutafutana.

Kabla sijaendelea, saa zetu nitaandika kwa maneno, saa tatu asubuhi ibaki saa tatu asubuhi, na za kompyuta nitaweka kwa tarakimu, 09:00, ndio tusichanganyikane.

Tuanze na MySQL, programu ya databesi, juu wengi wetu tulianzia huko, ile ya XAMPP kwa laptopu enzi za chuo. Kuna DATETIME na kuna TIMESTAMP, na watu hudhani tofauti ni ukubwa. Ukubwa si stori, TIMESTAMP ni bayti 4 na DATETIME ni bayti 5 tangu toleo la 5.6.4, bayti moja haijawahi kufilisi mtu. Tofauti iko kwa tabia. DATETIME ni picha ya saa ya ukutani: inakuonyesha 09:00 lakini haikuambii huo ukuta uko mji gani. TIMESTAMP yenyewe inachukua saa uliyoipa, inaangalia zoni iliyowekwa kwa muunganisho wako na databesi, inageuza kuwa UTC ndio inahifadhi, na mtu akiisoma inageuzwa tena kufuata zoni ya huyo anayesoma.

Ukisikia hivyo unasema sawa, TIMESTAMP ndio poa. Ngoja. Chukua programu ya Laravel (kiunzi cha kujengea tovuti) ambayo mtu ameiseti Africa/Nairobi, halafu MySQL iko kwa seva ya UTC na hakuna aliyeigusa. Programu inatuma 09:00 ikimaanisha saa tatu asubuhi ya hapa, MySQL inaisoma kama 09:00 ya UTC, inaiweka hivyo, na ikiulizwa inarudisha 09:00. Kila mtu anafurahi. Lakini kilichohifadhiwa ni saa sita mchana ya Nairobi, si saa tatu asubuhi. Haionekani mpaka siku mtu wa ripoti anaandika kweri yake (ombi kwa databesi) moja kwa moja na kutumia NOW(), saa ya sasa ya databesi, ambayo inamrudishia 06:00, na ghafla kuna malipo yamelipwa saa tatu zijazo. Nimeona watu wakitibu hii kwa kuongeza INTERVAL 3 HOUR hapa na kutoa 3 pale, na baada ya muda hakuna anayejua ni kolamu gani imeshaongezwa na ni gani bado. Dawa ni pande zote mbili zikubaliane, zoni ya muunganisho iwe '+00:00', programu ifanye hesabu kwa UTC, na Nairobi ionekane mwishoni tu, pale mtu anaposoma kwa skrini.

TIMESTAMP ya MySQL ina mambo mengine mawili. Matoleo ya zamani, kabla ya 8.0, kolamu ya kwanza ya TIMESTAMP kwa jedwali ilikuwa inajisasisha yenyewe kila safu ikiguswa usipoiambia vingine, kwa hivyo tarehe ya kusajiliwa kwa mteja inabadilika siku anabadilisha namba ya simu. Kama umerithi mfumo wa kitambo, andika SHOW CREATE TABLE leo uangalie kama kuna ON UPDATE mahali haikutakiwa. Ya pili ni mwaka 2038. Mwisho wa TIMESTAMP ni tarehe 19 Januari 2038, 03:14:07 UTC, hapa kwetu itakuwa saa kumi na mbili na robo hivi asubuhi, watu wako steji wakingoja matatu. Mtu atasema 2038 iko mbali. Mkopo wa nyumba wa miaka 20 ushapita hapo, na lizi ya shamba ya miaka 99 hata usiniulize.

Postgres, databesi nyingine, ni rahisi kidogo. Kuna timestamp na kuna timestamptz, zote bayti 8, kwa hivyo hakuna kisingizio cha nafasi. Tumia timestamptz. Jina lake linadanganya kidogo juu haihifadhi zoni yoyote, inageuza kuwa UTC inaweka, ile uliyotuma nayo inasahaulika; ukitaka kujua mteja alikuwa wapi weka kolamu nyingine. Lakini kwa kitu kilichotokea, malipo yameingia, mtu ameingia kwa akaunti, boda amefika, hiyo ndiyo aina yenyewe na sioni mjadala. SQLite, databesi ndogo ya faili moja, haina aina ya tarehe hata kidogo, utaweka maandishi ama namba, na ukichagua maandishi weka mtindo wa 2025-03-01T06:00:00Z kila mahali bila kuchanganya, ndio kupanga kwa alfabeti kuwe pia ni kupanga kwa wakati.

Sasa M-Pesa. Yeyote aliyeunganisha malipo kwa Daraja (njia ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa) anaijua ile namba ndefu ya tarakimu 14, mfano 20250301000005, mwaka mwezi siku saa dakika sekunde zote zimeshikana. Ni saa ya Nairobi na hakuna mahali imeandikwa +03, wewe ndio unatakiwa kujua. Naona watu wakiiweka kwa BIGINT, kolamu ya namba kubwa, vile ilivyo (kwa INT haiingii, INT inaishia 2147483647) na mwanzoni inaonekana sawa kwa sababu inapangika vizuri. Jaribu kutoa. Malipo moja ni 20250228235955 na mengine ni 20250301000005, hapo kati ni sekunde 10 tu, lakini hesabu ya namba inakupa 72764050. Mimi naweka kolamu mbili: moja ya maandishi inashika kile kilichotumwa bila kuguswa, siku ya ubishi na mteja itakusaidia, na nyingine timestamptz ambayo nimeigeuza mwenyewe nikitaja Africa/Nairobi waziwazi, bila kuachia seva ikisie.

Lakini kitu kinanisumbua kuliko hizo zote ni siku. Siku, si saa. Ukihifadhi UTC vizuri kabisa, halafu ukaandika DATE(created_at) kwa ripoti ya mauzo, umeikata siku usiku wa manane wa UTC, ambao hapa ni saa tisa usiku. Chochote kilichouzwa kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku kinaandikwa jana. Duka la hadiwea la Industrial Area halitajua milele, wamefunga saa kumi na moja jioni. Petroli steshoni ya Thika Road inayofanya kazi usiku kucha itajua mara ya kwanza tu keshia wa zamu akijaribu kulinganisha pesa na mashine. Na tarehe mosi ya mwezi mambo ni moto zaidi, mauzo ya saa saba usiku yanarudi mwezi uliopita, na VAT ya mwezi inalipwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kwa hivyo mhasibu ndiye anakuja kukuuliza.

Halafu kuna baa. Mwenye klabu moja kule Umoja aliniambia, "Kijana, ripoti yako ya zamani ilikuwa sawa, hii mpya ndio mbovu." Mfumo wa zamani ulikuwa unakata siku kwa UTC bila mtu kupanga hivyo, na kwake hiyo ilikaribia ukweli, kwa sababu kwa baa Ijumaa haiishi saa sita usiku, Ijumaa inaisha watu wakienda nyumbani. Ile mpya ilikata saa sita usiku kamili ya Nairobi, sahihi kwa kalenda, na ikagawanya usiku wake mmoja vipande viwili. Kwa biashara kama hiyo weka kolamu ya pili ya DATE, iite siku ya biashara, ijazwe wakati wa kuuza kufuata saa ya kufunga aliyokupa mwenyewe. Usijaribu kuikokotoa baadaye kutoka kwa timestamptz, kwa sababu akibadilisha saa ya kufunga ripoti zote za nyuma zitabadilika pia.

Na ukitafuta kwa tarehe usiweke kolamu ndani ya fanksheni, indeksi yako ya kawaida, ile inayoharakisha kutafuta, haitatumika. Andika kuanzia '2025-03-01 00:00+03' na chini ya '2025-04-01 00:00+03', basi. BETWEEN tarehe 1 na tarehe 31 inakuibia karibu siku nzima ya mwisho, hii nimeiona kwa mifumo ya watu wakubwa.

Tarehe ya kuzaliwa ni DATE. Si TIMESTAMP, si DATETIME, si namba. Mtu hakuzaliwa "1 Mei 1990 saa sita usiku UTC", alizaliwa tarehe 1 Mei, imekwisha. Na sisi wa upande huu wa dunia tunaumia hapa kuliko Wamarekani kwa njia fulani: kalenda ya kwa brauza inatengeneza usiku wa manane wa Nairobi, JavaScript ikiitoa kwa toISOString inakuwa 1990-04-30T21:00:00.000Z, mtu wa upande wa seva anakata herufi kumi za kwanza, na mteja amezeeka siku moja. Kitambulisho kinasema tarehe 1, mfumo unasema 30, na mkopo umekataliwa. Ukitaka kicheko jaribu na mzee wa 1941, utapata 21:15 badala ya 21:00, kwa sababu miaka hiyo ya ukoloni Nairobi ilikuwa saa mbili na dakika 45 mbele ya UTC na orodha ya zoni inakumbuka.

Mambo yajayo ni kesi tofauti tena, na hapa hata UTC inakuangusha. Sudan Kusini walikuwa +3 kama sisi mpaka tarehe 1 Februari 2021, wakarudi +2. Sasa fikiria ulikuwa umeweka Januari mkutano wa Juba wa Machi, saa tatu asubuhi yao, ukaugeuza kuwa 06:00 UTC ukajisifu. Machi ikifika 06:00 UTC ni 08:00 Juba, mtu ameitwa saa nzima mapema. Sudan yenyewe ilifanya hivyo hivyo Novemba 2017, na Misri walirudisha kusogeza saa 2023. Kwa miadi ijayo hifadhi kile watu walikubaliana, tarehe na saa ya mahali bila kugeuza, na kando yake jina la zoni kwa maandishi, Africa/Juba, si +03:00. UTC utaihesabu karibu na wakati wenyewe.

Na kama unachukua miadi kwa WhatsApp kutoka kwa watu wetu, kuna kazi ya ziada kabla hata hujafika kwa kolamu. Kuongeza saa sita ni rahisi, mtoto wa darasa la tatu anajua saa mbili asubuhi ni 08:00. Ngumu ni mteja akiandika "teksi Jumamosi saa nane usiku". Huyo yuko kwa sherehe Jumamosi na anataka kurudi nyumbani, kwa kalenda ya kompyuta ni Jumapili 02:00. Ukiweka Jumamosi 02:00 umetuma dereva saa 24 kabla. Kwa hivyo usikisie, muulize tena kwa maneno, "usiku wa kuamkia Jumapili, sindio?", akikubali ndio uandike.

Kama tayari una jedwali la timestamp la Postgres lililojaa saa za Nairobi na unataka kulibadilisha, amri ni ALTER TABLE malipo ALTER COLUMN created_at TYPE timestamptz USING created_at AT TIME ZONE 'Africa/Nairobi'. Hiyo sehemu ya USING usiiruke, ukiiruka itatumia zoni ya muunganisho wako wa wakati huo, na kama ni UTC umesogeza historia yote saa tatu mbele. Inaandika upya jedwali zima na kulifunga wakati inafanya hivyo, kwa hivyo jedwali kubwa lifanyie usiku. Kabla ya hapo chukua malipo moja unayoijua saa yake kutoka kwa SMS ya M-Pesa kwa simu yako, na ukimaliza iangalie hiyo kwanza kabla ya kufungulia watu.