PS2 ikikataa kusoma diski, usianze na lenzi

Ukipeleka PS2 (PlayStation 2, mashine ya gemu ya Sony) isiyosoma kwa fundi, jibu la kwanza huwa "lenzi imekufa". Wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi lenzi ni nzima, ila imechafuka, au reli zake zimekauka, au kitelezi kinachoibeba kimekaa chini kuliko inavyotakiwa. Mashine yenyewe ilitoka mwaka 2000. Hata ile iliyokaa kabatini bila kuguswa, grisi yake ya kiwandani inaweza kuwa imegeuka gundi.

Usishike bisibisi kwanza. Tafuta diski tatu za dukani: CD ya muziki, DVD ya filamu, na gemu ya asili isiyo na mikwaruzo. Sababu ni hii: nyuma ya lenzi ile moja kuna leza mbili. Ya CD ni ya nanomita 780, ya DVD ni ya nanomita 650. Gemu za PS2 zenye tumbo la bluu ni CD, zenye tumbo la fedha ni DVD. Ikipiga muziki ikakataa filamu, leza ya DVD imechoka. Ikicheza filamu ikakataa muziki na gemu za bluu, mgonjwa ni leza ya CD. Ikikataa zote, shuku uchafu, urefu wa kitelezi, utepe wa waya au umeme, maana ni nadra leza mbili kufa kwa mpigo. Na usipime kwa diski za kuchoma. PS2 isiyo na chipu ya kuifungulia diski za kuchoma kwa kawaida haipokei gemu ya kuchoma hata ikiwa mpya, na yenye chipu huisoma kwa taabu pale lenzi inapoanza kuchoka. Diski za RW, zile za kufuta na kuandika upya, ndizo mbaya kuliko zote, kwa kuwa mwanga zinaorudisha ni mdogo sana.

Halafu zima sauti ya runinga usikilize. Diski ikizunguka, ikapunguza mwendo, ikaanza upya mara mbili tatu, maana yake lenzi inaiona lakini haishiki mstari: hapo ni uchafu au urefu. Mlio wa tak-tak-tak ni kitelezi kinachogonga mwisho wa reli, au meno ya plastiki yanayoruka kwenye shafti. Mlio wa kusugua, zima mara moja, kabla diski haijachorwa duara.

Kwenye Slim, ile PS2 nyembamba, ambayo diski isipozunguka kabisa wengi huihukumu lenzi, anza na mfuniko. Kuna swichi ndogo zinazobonyezwa mfuniko unapofungwa. Moja ikiwa imejaa uchafu au kijiti cha plastiki kimekatika, mashine inaamini mfuniko uko wazi na haitazungusha kitu. Kisha tazama adapta. Slim za namba 70000 zinataka volti 8.5 na ampea 5.65, mfululizo wa 90000 una pawa ndani kwa ndani. Adapta bandia huandika namba yoyote kwenye lebo, lakini mota ya diski ikianza kuvuta, umeme unashuka, na mashine inajizima au inakwama hapohapo. Ukiona inajizima kila diski inapoanza kuzunguka, azima adapta nyingine kabla hujafungua skrubu hata moja.

Sasa kufungua. Tuchukue Fat, ile kubwa. Chomoa waya wa umeme, geuza mashine, toa vifuniko vidogo vya mraba vinavyoficha skrubu: 8 kwenye matoleo mengi, 10 kwenye yale ya mwanzo. Igeuze ikae kawaida na uinue mfuniko wa juu taratibu kama unafunua sufuria ya maziwa. Kitufe cha kuwashia na cha kutolea diski kimeunganishwa na bodi kwa utepe mwembamba sana, na utepe huo ndio unaokatwa na watu wenye haraka. Ukikatika, mashine haitawaka hata kama lenzi ni nzima. Sahani iliyo juu ya draivu ina skrubu 4 ndogo za nyota, na ndani yake mna sumaku inayobana diski. Iweke mbali kidogo usije ukaiangusha juu ya lenzi.

Lenzi inasafishwa kwa pamba ya masikio na pombe ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Tone moja linatosha. Pamba inayodondosha maji imelowa kupita kiasi. Zungusha kutoka katikati kwenda nje bila kukandamiza, kwa sababu lenzi imening'inizwa kwa nyaya nyembamba kama unywele, na ukiipinda haitarudi sawa. Pitisha pamba kavu, subiri dakika 5. Sanitaiza ya mikono huacha utando wa glisarini, spiriti ya rangi huacha rangi yake, na manukato yana mafuta. Kupuliza kwa mdomo ni kuongeza mate. Vumbi likiwa limeingia chini ya lenzi pamba haifiki. Tumia kile kimpira cha kupulizia hewa wanachotumia wapiga picha.

Baada ya hapo shika shafti yenye uzi kama wa skrubu na uizungushe kwa kidole, kitelezi kiende mwanzo hadi mwisho. Kinatakiwa kiteleze bila kukwama popote. Kikikwama, futa grisi ya zamani yote kwenye reli mbili na shafti, kisha paka grisi nyeupe au ya silikoni, kiasi cha kichwa cha kiberiti kwa kila reli. Grisi nyeusi ya gari ni nzito mno. Mafuta ya cherehani ni mepesi. Yatatambaa, na joto likipanda utayakuta juu ya lenzi. Mafuta ya kupikia tusiyaongelee.

Jaribu mashine hapo, kabla ya kugusa kingine. Nyingi huishia hapa.

Ikiwa bado, kwenye Fat kuna gia ndogo nyeupe kando ya reli. Kazi yake ni kupandisha au kushusha upande mmoja wa reli, yaani kurekebisha umbali na mwinamo wa lenzi kuelekea diski. Mtikisiko wa miaka huisogeza. Kabla ya kuigusa, chora alama kwa kalamu ya maka kwenye jino la gia na kwenye plastiki iliyo jirani. Bila alama hiyo utapotea, na kurudi mwanzo ni kubahatisha. Sogeza jino moja tu, funga sahani ya sumaku, jaribu zile diski tatu. Haijabadilika? Jino la pili. Ikizidi kuwa mbaya, rudi kwenye alama uende upande wa pili kwa mtindo uleule. Ukipita meno matatu kila upande bila nafuu, tatizo haliko hapo. Angalia pia diski yenyewe kila unapojaribu: ukiona duara jipya limechorwa tumboni mwake, umepandisha mno na lenzi inaigusa.

Na mkwaruzo wa duara ni mbaya kuliko ule unaotoka katikati kwenda ukingoni. Mstari unaokatiza njia ya leza huharibu kipande kifupi, na mashine hukijaza kwa hesabu zake za kusahihisha makosa. Duara linaifuata njia ile ile, data inapotea kwa mfululizo, na dawa ya meno haitaiokoa diski hiyo.

Slim nayo ina namna yake ya kuchora duara. Utepe mweupe wa lenzi unaweza kujikunja juu kitelezi kinaposogea, ukasugua diski inayozunguka. Fungua, ulaze utepe kwa mkunjo wake wa asili, kisha ubandike kwa kipande cha selotepu sehemu isiyotembea. Ukibandika sehemu inayotembea, lenzi itavutwa nyuma na haitafika mwisho wa diski.

Kuna kirekebishi kidogo pembeni ya lenzi, kinachozungushwa kwa bisibisi ndogo, na kila mtu mtandaoni atakwambia ukizungushe. Hicho kinaongeza umeme unaoingia kwenye leza. Leza iliyochoka inaweza kupata nguvu ikasoma kwa muda, kisha ikafa moja kwa moja. Mimi naona kikae mwisho kabisa, pale ambapo lenzi mpya haipatikani. Kipime kwa mita ya umeme kabla, andika ohm zilizopo, ushushe asilimia 5 tu kwa mara moja huku mashine imezimwa. Kumbuka viko viwili, cha CD na cha DVD. Ukigusa kisichohusika umeharibu leza iliyokuwa nzima.

Ikibidi kubadili, soma namba iliyo kwenye lenzi ya zamani: Fat nyingi ni KHS-400B, KHS-400C au KHS-400R; kwenye Slim utakutana na SPU-3170 au PVR-802W. Nunua namba ileile. Kabla ya kuivua, pima koili za lenzi ya zamani, zile zinazoisogeza, kwa mita: koili nzima inaonyesha ohm chache, iliyoungua haionyeshi kitu. Ikiwa imeungua na mashine ni Slim yenye chipu, usiweke mpya kwanza. Slim zenye chipu zinajulikana kwa kuunguza koili, na ya pili itafuata ya kwanza. Chipu ishughulikiwe kabla.

Lenzi mpya mara nyingi huja na tone dogo la risasi ya kulehemu limeunganisha vituo viwili kwenye bodi yake ndogo. Limewekwa makusudi, kuzuia umeme wa mwili usiue leza njiani. Fundi akisahau kuliondoa, leza haiwaki, naye anarudisha lenzi dukani akisema ni mbovu. Fuata mpangilio huu: gusa chuma kilichoungana na ardhi, chomeka utepe, funga lachi ya soketi pande zote mbili, ndipo uyeyushe tone hilo kwa ncha yenye moto kwa sekunde moja mbili. Kile kipande chenye meno kinachoshika shafti kihamishe kutoka lenzi ya zamani ikiwa mpya haina, na hakikisha springi yake bado inasukuma. Wakati wa kujaribu mashine ikiwa wazi, usiinamie lenzi. Leza ya CD karibu haionekani, lakini jicho inaliumiza.

Jaribio la mwisho ni DVD ya filamu ndefu yenye tabaka mbili. Iruke hadi katikati, pale inapohama tabaka, kisha hadi dakika za mwisho. Ikipita bila kuganda, funga skrubu zote. Ikiganda katikati tu na ni Fat, rudi kwenye gia nyeupe, jino moja.