Boriti Inayoonyesha Nyufa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Nilikuwa nimeandaa tafakari juu ya Danieli na chakula cha mfalme, maana ndilo neno tunalopeana sana sisi tunaosoma ugenini: usijitie unajisi, shika msimamo. Ni neno jema. Lakini Jumanne Bwana alisema nami nikiwa maabara, na tangu hapo sijaweza kuandika jambo lingine.

Siku hiyo tulikuwa tunavunja boriti mbili za zege. Ya kwanza ilikuwa na nondo za kiasi. Ya pili ilishindiliwa nondo kupita kiwango kinachoruhusiwa na kanuni za usanifu, makusudi, ili tuone. Kazi yangu ilikuwa kushika makapeni, kufuatisha kila ufa unaotokea, na kuandika pembeni yake mzigo umefika kilonyutoni ngapi. Boriti ya kwanza ilianza kupasuka mapema. Nyufa nyembamba kama unywele zilitokea upande wa chini, zikapanda, zikapanuka, hadi boriti yenyewe ikapinda ukaiona kwa macho. Ilijaa wino wangu kabla ya kukubali kushindwa. Ya pili ilibeba mzigo mkubwa zaidi, ikiwa imenyooka, na nyufa chache tu. Moyoni nikaisifu. Ghafla zege la juu likapondeka kwa kishindo, vipande vikagonga wavu wa kinga.

Mhadhiri akatueleza kwamba mhandisi mwenye busara hupima nondo ili chuma kianze kuvutika kabla zege halijapondeka. Boriti ya namna hiyo hulalamika kwanza. Watu walio chini yake hupata nafasi ya kutoka.

Jioni mama akapiga simu. “Shikamoo mama.” “Marahaba mwanangu, masomo yanaendaje?” Nikajibu kama ninavyojibu siku zote: “Namshukuru Mungu, yanaenda vizuri.” Wakati huo barua ya matokeo ilikuwa mezani mbele yangu. Nina sapu, yaani mtihani wa marudio, ya mekanika ya miundo. Muhula mzima nilikaa kwenye mihadhara nikiandika nisichokielewa, kwa sababu hesabu nilizozijua kwa lugha moja zilinipita kasi kwa lugha nyingine, na niliona aibu kunyosha mkono. Usiku nilikuwa silali. Jumapili nilikuwa naongoza sifa. Hakuna aliyejua. Nilipokata simu nikaikumbuka ile boriti ya pili.

Ndugu zangu, nani alitufundisha kwamba imani ni kutopasuka? Paulo hakutufundisha hivyo. Aliwaandikia Wakorintho waziwazi kwamba kule Asia alilemewa kupita nguvu zake, hata akakata tamaa ya kuishi. Mtume mzima aliandika hayo yakasomwe mbele ya kanisa. Na Danieli huyu tunayempenda kwa kukataa chakula, endeleeni hadi sura ya pili. Hukumu ya kifo ilipotoka, alirudi nyumbani kwake akawaeleza Hanania, Mishaeli na Azaria, waombe pamoja. Nimeusoma mstari huo miaka mingi bila kuona kwamba hapo wametajwa kwa majina ya kwao. Shadraka, Meshaki na Abednego ni majina waliyopewa ugenini. Usiku wa hatari, Danieli aliwaendea watu waliomjua kwa jina alilozaliwa nalo. Wewe unayesoma haya chumbani peke yako, ambaye mwaka mzima jina lako linatamkwa vibaya nawe umeacha kusahihisha, unaye mtu wa namna hiyo? Mtafute leo. Mwambie umefeli. Mwambie hulali. Usingoje upate ushindi ndipo uwe na ushuhuda.

Nanyi mnaopokea simu zetu, wazazi, wachungaji, wazee wa kanisa, niruhusuni niseme kwa heshima: mara nyingine nyufa tumezionyesha, mkatuongezea mzigo. Mwaka 1907 kule Quebec, Kanada, daraja la chuma lilikuwa likijengwa juu ya mto Saint Lawrence. Mabamba ya chini yalianza kupinda, wahandisi wakayaona, wakayapima. Mmoja akasafiri hadi New York kumwona mhandisi mshauri, Theodore Cooper, naye akatuma telegramu mzigo usiongezwe. Haikupelekwa kwenye daraja. Kazi ikaendelea, na jioni ya tarehe 29 Agosti daraja likaanguka, wakafa watu 75. Kijana anapowaambia amechoka, mkamjibu “kaza moyo, usitutie aibu, sisi tunakutegemea wewe”, mnafanya nini kama si kuongeza chuma juu ya bamba lililokwisha kupinda? Neno linasema mchukuliane mizigo. Kuuchukua ni kuutoa kwenye bega la mwenzio. Muulizeni amelala saa ngapi kabla hamjamuuliza atahitimu lini.

Alhamisi nilimpigia mama tena. Nilimwambia yote, ya sapu, ya usiku, na kwamba Jumanne nilimdanganya. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha nikamsikia akiwaita wengine waje karibu na simu. Akaanza kuomba, na katika maombi yale hakutaja mtihani hata mara moja. Alitaja jina langu tu, lile la utotoni.

Mtihani wa marudio ni wiki tatu kutoka sasa. Nimeshamwendea mhadhiri, amenipa saa moja kila Jumatano. Mniombee. Na walio karibu nami, Ijumaa saa moja jioni mlango wangu uko wazi. Anayetaka kuja na barua yake ya matokeo na aje nayo, tuziweke zote mezani tuombe.