Kijiko na mlango wa mwaloni

Nafanya kazi ya useremala, na labda ndiyo sababu filamu ya mwongozaji Mfaransa Robert Bresson ya mwaka 1956, Un condamné à mort s'est échappé, kuhusu mfungwa wa gereza la Montluc, hainitoki kichwani. Jina la filamu linatangaza wazi kwamba aliyehukumiwa kufa ametoroka. Mwisho unaujua kabla hujaketi, na bado viganja vinatoka jasho.

Mwaka ni 1943. Wajerumani wamemfunga Luteni Fontaine katika gereza la Montluc, mjini Lyon. Mlango wa seli yake ni wa mwaloni, mti mgumu unaochosha hata patasi nzuri. Anaukagua kifundi, akagundua kuwa mbao zake zimeunganishwa kwa mti mwingine, laini zaidi. Basi anaficha kijiko cha chuma, anakinoa sakafuni mpaka kipate makali, kisha anaanza kukwangua maungio huku sikio liko kwa walinzi. Maranda yakidondoka, anayafagia upesi. Bresson hana haraka hata kidogo. Anatuachia tuitazame mikono hiyo mpaka tuijue. Sijaona filamu nyingine inayouheshimu ubao namna hii.

Mengine tunayapata kwa masikio: ufunguo wa mlinzi ukigongagonga vyuma vya ngazi, treni, baiskeli inayolia usiku chini ya ukuta. Hata risasi zinazowaua wafungwa wenzake tunazisikia tu. Mmoja wao, Orsini, alijaribu kutoroka akashindwa, na kabla ya kuuawa akamweleza Fontaine kwamba lazima atengeneze kulabu.

Kamba anazotengeneza za kutorokea zikiwa karibu tayari, analetewa mwenzake selini: Jost, kijana wa miaka 16, sare yake nusu ya Kifaransa, nusu ya Kijerumani. Huenda ni jasusi. Amuue, au amwambie? Kwangu hapa ni pagumu kuliko mlango wote. Anaamua kumwamini, na walipofika ukutani ikadhihirika kwamba peke yake pengine angekwama palepale.

Kisa ni cha kweli. André Devigny alitoroka Montluc Agosti 1943, na ndiye aliyekuwa mshauri wa Bresson, ambaye naye aliwahi kuwa mateka wa vita. Fontaine ameigizwa na François Leterrier, mwanafunzi wa falsafa ambaye hakuwa mwigizaji. Nashukuru alichaguliwa yeye. Mwigizaji mzoefu angetaka tumwone usoni anavyoteseka. Leterrier anakwangua tu, na mimi namwamini.