Kumbukumbu ya mradi: kuing'oa ReiserFS kwenye kerneli ya Linux 6.12

Siku ya 1. Linux rasmi iliiondoa ReiserFS, mfumo wa faili (njia ya kupanga data diskini), kwenye toleo la 6.13, baada ya kutoa onyo tangu 5.18, mwaka 2022. Tawi letu limebaki 6.12, hivyo tunaing'oa wenyewe. Kufuta saraka ni amri moja: `git rm -r fs/reiserfs`. Ukiishia hapo, `make menuconfig`, menyu ya kusanidi kerneli, haifunguki, maana `fs/Kconfig` bado inaita faili isiyokuwepo. Futa mstari huo pamoja na ule wa `fs/Makefile` ndani ya komiti (commit) ileile. La sivyo, atakayesaka hitilafu kwa `git bisect` atakwama papo hapo.

Siku ya 2. Mabaki, na hapa ndipo penye kazi. `git grep -il reiserfs` inaibua `MAINTAINERS`, `scripts/ver_linux`, `changes.rst` inayoendelea kudai reiserfsprogs (zana za ReiserFS), na defconfig (faili za usanidi wa msingi) nyingi chini ya `arch/`. Hizi za mwisho zinasafishwa kwa mkupuo:

`git grep -l CONFIG_REISERFS arch/ | xargs sed -i '/CONFIG_REISERFS/d'`

Usiguse 0x52654973, nambari ya kuitambua ReiserFS, iliyo ndani ya `include/uapi/linux/magic.h`. Baiti zake nne ni herufi R, e, I, s. Kerneli haiihitaji tena, ila programu za nje zinazoitaja kwa jina zitagoma kukompailiwa ukiifuta. Msimbo wa kota (kikomo cha nafasi ya diski) nao unabaki, kwani ext4, mfumo mwingine wa faili, inautumia.

Siku ya 3. `make allmodconfig` imepita. Hatari kubwa iko kwa mtumiaji: `make olddefconfig` inaitupa CONFIG_REISERFS_FS, chaguo linalowasha ReiserFS, kimyakimya, bila onyo lolote. Mwenye mzizi wa mfumo kwenye ReiserFS atawasha mashine akutane na "VFS: Unable to mount root fs". Kwa hiyo ujumbe wa komiti unaeleza wazi: kabla ya kupandisha kerneli, endesha `reiserfsck --check` kizigeu kikiwa hakijapachikwa, kisha kipachike kwa kusoma tu na uhamishe data kwa `rsync -aHAX` kwenda ext4 au XFS. Bila -A na -X, ruhusa za ACL (orodha za nani anaruhusiwa nini) na sifa za ziada za faili zinapotea.

Kiraka cha kusomwa kimetolewa kwa `git format-patch -D`, ili maelfu ya mistari iliyofutwa yasimzamishe mkaguzi. Hicho hakiingii kwa `git am`; tawi lenyewe ndilo la kuvutwa.

Kilichobaki: kukompaili kwa prosesa za arm64 na m68k.